Msitu wa Juu ya Kisima

Tulikiita kisima, ingawa hakuna mtu aliyekichimba. Maji yalitoka yenyewe kati ya mizizi ya mkuyu, chini ya kilima, upande wa Handeni, mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka Kabuku. Utotoni sikuwahi kuyaona yamekatika. Kiangazi kikizidi, wafugaji wa mbugani walileta ndama wao hadi kwetu, wakaomba kwa adabu, wakanywesha. Tulijivunia maji yale kama wao walivyojivunia ng'ombe.

Juu ya kisima ulikuwepo msitu. Haukuwa mkubwa; mtu angeweza kuuzunguka kabla jua halijawa kali. Ulikuwa na mivule minene na miti mingine ambayo majina yake nayajua kwa Kizigua tu, na ndani yake ukungu ulikaa hadi saa nne asubuhi, wakati mashamba ya chini yalikwisha kukauka umande. Nikitumwa kuokota uyoga nilirudi shati limelowa, na mvua haijanyesha. Majani yalikuwa yakinasa ukungu na kuudondosha. Ardhi yake ilikuwa laini. Mguu ulizama kwenye majani yaliyooza kama unakanyaga godoro. Nilidhani misitu yote duniani iko hivyo.

Msitu ule ulikuwa chini ya mjomba wangu, kaka yake mama. Kwetu mambo ya ukoo hufuata upande wa mama, kwa hiyo atakayemrithi mjomba ni mtoto wa dada yake, na mama alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, mimi. Nililijua hilo tangu mdogo, kama mtu anavyojua jina lake.

Aliyehitaji mti, tuseme nguzo ya nyumba, alikwenda kwa mjomba na kueleza haja yake. Mjomba hakumjibu. Alimpa uji, wakazungumza habari za wagonjwa na za mbaazi, na mwombaji akaondoka. Siku ya tatu mjomba mwenyewe alitembea hadi kwa yule mtu na kumpa jibu. Siku za katikati alikuwa akipanda msituni kuangalia: mti upi, upande upi, uko karibu na maji au mbali. Akikubali, shoka la kwanza lilipigwa na mtu wa ukoo wetu, baada ya kumwaga kibuyu cha maji ya kisima shinani na kusema maneno ya ukoo ya kuomba mti. Ndipo wengine walifuata. Mtu wa nje akianza yeye, iliaminika mizimu ya msitu haitamwacha afike mavuno.

Niliwahi kumuuliza, "Mjomba, kwa nini humjibu siku ile ile?"

"Siku ile ile yuko mbele yangu anakunywa uji wangu," alisema. "Nitamnyimaje?"

Uhuru ulinikuta darasani. Nilikuwa wa kwanza katika vitongoji vyetu kufika sekondari, na safari ya kwenda ilianzia stesheni ya Korogwe, ambako mjomba alinisindikiza akiwa amebeba sanduku langu kichwani. Huko mwalimu wa jiografia alituchorea ubaoni safari ya maji: bahari, mshale wa kupanda, wingu, mshale wa kwenda bara, mlima, mvua, mto, kurudi baharini. Halafu pembeni alichora mti, na kutoka kwenye majani yake mshale mdogo wa kwenda juu. Alisema miti hunywa maji kutoka ardhini na kuyarudisha hewani, na mizizi huipa mvua njia ya kuingia chini badala ya kukimbia. Nilinakili yote. Katika mtihani mshale ule mdogo haukuulizwa.

Nilirudi nyumbani, na vijiji vya ujamaa vilipoanza nilichaguliwa katibu. Watu waliokuwa wametawanyika, nyumba tatu hapa, tano kule, walikusanywa mahali pamoja, na nyumba zao za zamani zikabomolewa ili wasirudi. Mahali palipochaguliwa ni chini ya kilima chetu. Sababu ilikuwa moja, nami mwenyewe niliiandika kwenye barua ya kwenda wilayani: kuna maji.

Katika mwaka wa pili alikuja bwana shamba kutafuta eneo la shamba la pamoja. Alipita kote, asipapende popote. Akaingia msituni, akachota udongo kwa mkono, mweusi, wenye unyevu, na ilikuwa kiangazi.

"Udongo kama huu mnawaachia nyani?" aliniuliza. "Keshokutwa nitaleta lori la mashoka na watu. Wewe ongea na wazee wako."

Nilipaswa kumwambia kwamba jibu la jambo lile huchukua siku tatu. Sikumwambia. Niliona aibu mtu wa serikali asikie kwamba mimi, mwenye cheti cha sekondari, nasubiri mizimu.

Jioni ile ile nilikwenda kwa mjomba. Nilimweleza yote: shamba, shule ya matofali itakayojengwa kwa mavuno yake, zahanati. Alisikiliza. Mkewe aliniletea uji. Mjomba aliuliza hali ya mguu wa mama, akasema mbaazi zimeingia wadudu. Nilimaliza uji, nikaaga.

Asubuhi yake tulikuwa na mkutano kwenye banda la shule. Nilichukua chaki nikachora safari ya maji, bahari na mishale na milima, kuwathibitishia watu kwamba mvua haitoki kwenye msitu wetu.

"Katibu," alisema mama mmoja aliyekuwa amekaa mbele, hodari wa maneno, "hiyo bahari ya Tanga inatujua sisi wa huku?"

"Inawajua, mama. Haichagui mtu."

"Basi iambie ifanye haraka, maharage yangu yanakufa."

Watu walicheka, na mimi nilicheka. Mti na mshale wake mdogo sikuuchora. Ningependa kuandika kwamba nilisahau. Niliukumbuka, mkono ukiwa ubaoni, nikaona utanichanganyia maneno, nikauacha.

Mzee mmoja akauliza kutoka nyuma, "Mwenye msitu amesemaje?"

"Nilimwambia jana. Hakukataa."

Kila mtu mle alijua mjomba hajibu siku ya kwanza. Wazee waliangaliana. Lakini aliyesema alikuwa mpwa wake, mrithi wake, na katibu. Walidhani labda mjomba ameniambia kwa siri, kama mtu na mtu wake. Niliwaacha wadhani hivyo. Mjomba hakuwepo mkutanoni. Baadaye nilijua kwamba saa ile alikuwa juu msituni, anapimapima.

Lori lilikuja kesho yake, kama lilivyoahidiwa. Vijana wa kijiji walipewa mashoka, wakasimama nayo. Hakuna aliyesogea.

"Ninyi vipi?" bwana shamba alifoka. "Mti una meno?"

"Aanze katibu," mmoja alisema. "Mimi nina watoto wadogo."

"Tena msitu ni wa kwake," mwingine akadakia. "Akifa, kafia nyumbani."

Nilishuka kisimani, nikajaza kibuyu. Nilipanda, nikamwaga maji kwenye shina la mvule mkubwa, mbele ya watu wote, nikasema maneno ambayo mjomba alinifundisha, yote, bila kuruka hata moja. Kisha nikapiga shoka. Baada ya hapo mashoka yote yalifuata. Wasingemfuata bwana shamba, wala polisi. Walinifuata mimi kwa sababu ya kile kibuyu.

Siku ya tatu tangu ninywe uji wake, asubuhi, mjomba alikuja nyumbani kwangu. Alikuwa amevaa kanzu yake ya Ijumaa na kofia. Sauti za miti kuanguka zilisikika hadi uani.

"Nimekuja na jibu," alisema.

"Mjomba, kazi imeshaanza."

"Nasikia."

Alikaa kidogo kwenye kigoda. Mti mwingine ulianguka, na mbwa wa jirani akabweka.

"Basi jibu limechelewa," alisema. Akaomba maji, akanywa, akanirudishia kikombe, akaondoka.

Saa ile zaidi ya nusu ya msitu ilikuwa bado imesimama. Ningeweza kumkimbilia njiani na kumuuliza alichokuja kunijibu. Ningeweza kupanda na kusema, acheni kwanza. Niliosha kikombe, nikapanda kuwahesabu watu wa zamu.

Mavuno ya kwanza yalikuwa makubwa. Mahindi yalinizidi urefu, na wageni wa wilayani waliletwa kuyatazama. Nilipigiwa makofi. Mjomba alipewa gunia lake kama kila mtu, akalipokea, akasema ahsante.

Kisha ikaja miaka ya ukame. Sitaki kusema uongo mwingine katika umri huu: ukame ule haukuletwa na shoka langu. Mvua zilikosekana nchi nzima, hata kwa waliokuwa na misitu. Watu wetu walinong'ona kwamba mizimu imekasirika, na mimi nilipata mahali pa kujificha, kwa sababu niliweza kuwajibu kwa haki kabisa kwamba hata Korogwe hakuna mvua, na Mpale kule milimani je, nako nimekata miti?

Lakini mvua zilirudi, na maficho yangu yakaisha. Masika ile ilinyesha vizuri, kila mtu alisema hivyo. Tulisubiri kisima kijae. Maji yalishuka kutoka kilimani mekundu, mazito, kwa kishindo, yakapita juu ya kisima kama hayakijui, yakaenda zake. Siku mbili baada ya mvua ardhi ilikuwa kavu kama haikunyeshewa. Udongo mweusi ulikwenda na maji yale. Palibaki mawe, na korongo moja lililoanzia juu na kurefuka kila msimu. Ukungu ulikuja alfajiri kama zamani, ukazunguka, ukakosa jani la kushika, na jua lilipochomoza tu ulikuwa umekwisha.

Wanawake walianza kuchota kwa kifuu cha nazi, wakikwangua chini. Baadaye wakakaa foleni kusubiri kifuu kijae. Yule mama hodari wa maneno alinikuta njiani siku moja, ndoo tupu kichwani, anakwenda kwenye lambo la wafugaji, mbali.

"Katibu, ile bahari bado haijatujua?"

Hakucheka. Mwaka uliofuata alihamia Korogwe na wanawe, kwenye mashamba ya mkonge. Nyumba nyingi zilifungwa hivyo, moja baada ya nyingine. Mkuyu ulikuwa wa mwisho kukauka.

Mjomba alifariki mwezi wa kiangazi, mchana, kwa homa ya siku chache. Sikuwa katibu tena. Hapakuwa na kijiji cha kuwa na katibu. Tulibaki nyumba chache. Maiti ilikuwa imelazwa ndani, sanda iko tayari, na mwalimu wa madrasa akatoka akaniuliza kwa sauti ya chini, "Maji ya kuoshea yako wapi?"

Katika nyumba zote tulipata ndoo moja isiyojaa. Nilipanda baiskeli na madebe mawili hadi lamboni. Lambo lenyewe lilikuwa limebaki tope katikati. Mfugaji mmoja, mzee wa rika la mjomba, alikuwa ameweka debe la maji yaliyotulia kwa ajili ya ndama wake wawili. Nilimwamkia, nikamweleza msiba.

"Huyu ni yule wa kisima?" aliuliza.

"Ndiye."

Alichukua debe akalimimina kwenye langu, lote, taratibu, asitibue. Ndama walikuwa wakisogea, akawazuia kwa fimbo.

"Ndama wangu walikunywa kwake," alisema.

Nilisaidia kumwosha mjomba kwa maji yale. Yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Tulichuja kwa kitambaa mara mbili, na bado mchanga ulibaki kwenye mikunjo ya vidole vyake. Mtu ambaye sikuwahi kumwona amekosa maji ya kumpa mgeni.

Siku ya tatu ya matanga, watu walipopungua, mkewe aliniita jikoni. Alikuwa anachagua mchele, hakuniangalia.

"Ile siku aliyokuja kwako na kanzu," alisema, "alikwambia?"

"Hakuniambia. Nami sikumuuliza, shikamoo, nisamehe." Nilijikuta namwamkia tena kama mtoto, sijui kwa nini.

"Alikuwa amekubali."

Nilikaa chini.

"Alikubali mchukue upande wa chini wote, mpaka kwenye mwamba mweupe. Kutoka mwamba kwenda juu, na kuzunguka kisima, pabaki. Siku ya mkutano wenu alipima kutwa kwa miguu. Usiku wake, kabla ya lori kuja, aliniambia, mpwa wangu atafurahi, shamba lake litamtosha."

Nilitoka bila kuaga, nikapanda kilimani. Mwamba mweupe uko katikati ya mteremko. Tangu nikiwa mtoto naujua. Nilisimama juu yake. Upande wa chini ndiko shamba la pamoja lilikokuwa. Matuta yake yalionekana bado kidogo. Upande wa juu ni mwinuko mkali na mawe. Hapo ndipo nilipokumbuka jambo ambalo nililijua miaka yote na sikuwahi kulifikiria. Trekta la bwana shamba halikuwahi kupita juu ya mwamba ule. Lilijaribu siku moja, likateleza, dereva akakataa. Hatukulima hata tuta moja huko juu. Tulikata miti yote, tukaiacha imelala, ikaliwa na mchwa.

Korongo linaanzia hapo hapo, hatua chache juu ya mwamba, pembeni mwa kisiki cha mvule nilioumwagia maji.