Chaki Pembeni mwa Shimo

Niliporudi kutoka maktaba mchana ule, nilikuta alama nne nyeupe kwenye sakafu ya sebule, pale ilipokuwa imesimama miguu ya cherehani. Cherehani yenyewe haikuwepo. Mama mdogo alikuwa ameenda kununua kitambaa cha mteja. Nilijua mara moja ilikokwenda, nikatoka mbio.

Baba mdogo ni fundi wa sofa. Yeye hugonga mbao na kujaza sponji. Mama mdogo hushona vitambaa vya kufunika. Bila cherehani ile, sisi hatuli. Lakini mtaani hakuna amwitaye fundi. Wanamwita Rula, kwa kuwa mpira wa pool akiupiga haujui kupinda, na watu hutoka mbali kuja kumtazama.

Ukumbi wa pool ulikuwa umejaa pomoni. Cherehani ilikuwa ukutani, bado imevaa kifuniko chake cha maua, na kando yake pikipiki ya Dalali wa magari. Mshindi angeondoka na vyote viwili.

"Karibu, msomi," Dalali aliniambia. "Umekuja kumuaga bibi wa chuma?"

Watu waliangua kicheko. Mama mwenye ukumbi akanionyesha kidole. "Binti, hapa mtazamaji hana mdomo. Ukitoa neno, wa kwenu kashindwa."

"Huyo?" baba mdogo akasema. "Huyo hata salamu anaitoa kwa mkopo."

Alicheza kama anayefagia uwanja wake. Mipira yake yote ikaisha, ukabaki mweusi, umekaa mdomoni mwa shimo la kati. Mtu angeweza kuupuliza ukaingia. Ila pale ukumbini, kabla ya kuupiga mweusi, lazima uweke chaki pembeni mwa shimo unalolitaka, na chaki ikishakaa haihamishwi; mweusi ukiingia shimo lingine, umeshindwa.

Baba mdogo alikuwa akipaka chaki fimbo yake, huku ameegemea kona ya mbali. Mzee mmoja akamshika bega. "Rula, hiyo hata mjukuu wangu anaingiza!" Baba mdogo akacheka, akaushusha mkono wenye chaki ukingoni mwa meza. Alipouinua, chaki ilibaki palepale, kando ya shimo la kona.

Hakuiona, wala hakukumbuka kuweka chaki. Aliizunguka meza akiutazama mpira tu.

Mimi niliiona. Nikakohoa.

"Kikohozi nacho si neno, msomi?" Dalali akauliza polepole. Naye alikuwa ameiona.

Nikaikodolea ile chaki macho, nikiomba baba mdogo anitazame, afuate macho yangu. Alinitazama kweli. Akanikonyeza, akainama, akapiga.

Mweusi ukaingia shimo la kati bila kugusa ukingo. Ukumbi ulilipuka kwa shangwe. Dalali akanyoosha kidole kwenye ile chaki ya konani, na kelele zikafa moja baada ya nyingine.

Mama mdogo alikuwa mlangoni, jora la kitambaa begani. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu lini. Alipita katikati ya watu, akafunua cherehani, akachomoa uzi na bobini.

"Uzi ni wa mteja," alimwambia Dalali. "Chuma ni chako."

"Mama watoto, nilikuwa nimeshinda," baba mdogo akasema. "Waulize hawa. Mpira uliingia."

"Niliuona."

Nilidhani woga wangu ungeishia hapo, maana nililoliogopa lilikuwa limeshatokea. Lakini baba mdogo aliiokota chaki pale konani, akaanza tena kuipaka fimbo, taratibu.

"Dalali, turudie."

"Una nini tena cha kuweka, Rula?"

Baba mdogo aligeuza macho, yakatua begani kwa mama mdogo, juu ya lile jora. Nikasogea, nikasimama kati yake na mama mdogo.