Wale Wawili wa Nyuma

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, ni ile niliyomwambia rafiki yangu Nkwabi asipige gitaa kwenye harusi ya dada yake mwenyewe. Nilimwambia kwa upole, tena natabasamu, kwa hiyo hata leo siwezi kusingizia hasira.

Nakusimulia haya kwa sababu ya Jumapili iliyopita. Mlikuwa mmekaa hapa karakanani kwangu Bariadi, wewe na wenzako, magitaa mmeyalaza juu ya mbao zangu kama kawaida yenu, mmeinamia simu moja. Nami nikachungulia. Bwana mmoja mnene mwenye shati jeupe alikuwa anapiga ule muziki wa Ulaya wanaouita jazi ya Wajipsi, na vidole vyake huwezi kuvihesabu. Mmoja wenu akasema huyo si binadamu. Mwingine akasema gitaa lake analigawa kesho, bora akafuge kuku. Mimi nikauliza, na wale wawili wa nyuma? Mkanikodolea macho. "Wa nyuma gani, mzee?" Mkairudisha video mwanzo, ndipo mkawaona wanaume wawili wamekaa kwenye viti vya mbao, magitaa mapajani, mkono wa kulia unapanda na kushuka, hawamwangalii mtu.

Sikuwalaumu. Mimi mwenyewe ilinichukua mwaka mzima na aibu moja kubwa kujua kwamba watu wa namna ile wapo.

Enzi hizo nilikuwa najifunza useremala kwa baba yangu mdogo, mtaa wa Nyalikungu, pale Maswa mjini. Kutokana na vipande vya mbao vilivyobaki nilitengeneza magitaa mawili. Nyuzi nene tuliomba kwa watu wa kwaya, zile nyembamba tulizichomoa kwenye waya wa breki za baiskeli. Gitaa moja langu, la pili la Nkwabi, kijana wa kijiji cha Sola, kwao wakulima wa pamba. Kila Jumamosi alipomaliza kazi za shamba alikuja kwa baiskeli, gitaa kalifunga mgongoni kwa kanga ya mama yake. Mimi nilipiga solo. Yeye alipiga ridhimu, yaani lile gitaa la kusindikiza, chaka chaka chaka, kuanzia wimbo unapoanza hadi unapokwisha. Hakuwa na mbwembwe. Ila hakuwahi kunipoteza hata siku moja, na kwa vile hakuwahi kunipoteza, sikuwahi kumfikiria.

Basi pale mjini alihamia bwana mifugo, mtu wa Iringa, ambaye alikuwa amekaa Ulaya mwaka mmoja kwa masomo. Alikuja karakanani kutengeneza mguu wa kitanda, akaliona gitaa langu ukutani, nikamwambia la pili analo mwenzangu, akacheka kwa furaha. Keshoyake akaniletea kaseti isiyo na jalada. Akaniambia ni muziki wa Wajipsi, watu waliozoea kuhamahama na mikokoteni yao ya farasi, na kwamba hawahitaji ngoma wala tarumbeta, magitaa ya mbao yanawatosha. Kisha akapanda pikipiki yake kwenda kuchanja ng'ombe vijijini, na mimi sikuuliza zaidi.

Mwanangu, nilipoiweka ile kaseti kwenye redio ya baba mdogo, niliacha randa chini. Sijawahi kusikia kitu kama kile. Solo ilikuwa inakimbia, inaruka, inarudi, inacheka, na chini yake kuna chaka chaka nzito isiyotetereka. Mbao tupu na nyuzi. Nilifurahi hadi machozi yakanitoka, sioni haya kusema. Nilijiona nami ni mmoja wao, kwa sababu hata sisi hatukuwa na ngoma wala tarumbeta.

Sasa sikia kosa langu. Redio ile ilikuwa na spika moja, ndogo, imepasuka kidogo. Sauti zote zilitoka kwenye tundu moja. Nami nikaamini kwamba yote yale yalikuwa kazi ya mtu mmoja. Nilisadiki kabisa kwamba huko Ulaya kuna mtu ambaye kwa mkono huohuo anapiga solo na kujisindikiza mwenyewe.

Nkwabi alisikiliza Jumamosi iliyofuata. Aliweka sikio karibu na redio, akakaa kimya wimbo mzima, halafu akasema, "Masanja, mimi nasikia watu wawili hapa."

Nikamcheka. Nikamwambia masikio yake yamejaa vumbi la pamba. Hakubisha. Alinyanyua gitaa lake akaanza kuifuata ile chaka chaka, na dakika si nyingi akawa ameipata, kavu na safi vilevile. Hata hilo halikunishtua. Nilikuwa na haraka ya kuwa wawili peke yangu.

Miezi minane nilijitesa. Kidole gumba kikapewa kazi ya kusindikiza, vilivyobaki vikakimbizwa huku juu. Ncha za vidole zilichanika, nikazipaka gundi ya mbao ili niendelee. Baba mdogo alilalamika kwamba meza zangu zimeanza kupinda. Na Nkwabi alipokuja Jumamosi, nilimwambia nafanya mazoezi ya peke yangu, akakaa tu kwenye benchi na gitaa lake mapajani. Baadaye akawa anakuja mara moja moja. Baadaye haji. Kusema kweli niliona nafuu, kwa sababu nilishaanza kumwona kama mzigo.

Ndipo ikaja harusi ya Mindi, dada yake. Alikuwa anaolewa Ipililo, na sherehe ilikuwa huko kwa wakwe. Tangu tukiwa wadogo ilijulikana kwamba Mindi akiolewa sisi wawili ndio tutakaomwingiza. Nkwabi alikuja hadi Nyalikungu kuniuliza tutapiga nini. Nikamwambia, "Ndugu yangu, wewe siku hiyo ni kaka wa bibi harusi. Kaa mbele na wazee, uheshimike. Niachie mimi."

Akasema, "Haya." Akapanda baiskeli yake akaondoka, na gitaa lake lilikuwa mgongoni kwake.

Siku ya harusi, mchana kweupe, watu wamejaa chini ya turubai. Unaijua desturi: bibi harusi hatembei tu, anaingia kwa kucheza, hatua mbili mbele, anatua, hatua mbili tena, na ndugu zake wote nyuma yake, huku wakwe wanamtazama miguu. Mindi akatoka mlangoni. Nikaanza. Mwanzoni gumba lilishika kazi yake. Nilipofikia pale pa kukimbia, gumba likasahau. Nikalirudisha, vidole vikasahau. Solo ikaenda zake, chaka chaka ikafa, ikafufuka mahali ambapo si pake. Mindi aliinua mguu, hakupata pa kuushusha. Akasimama katikati ya uwanja, mbele ya wakwe zake, ameinamisha kichwa, na wale wa nyuma yake wakagongana. Nikasikia mama mmoja wa upande wa bwana harusi akiuliza, "Huyu bibi harusi hajafundwa kucheza?"

Hapo ndipo Nkwabi aliponyanyuka kwenye viti vya wazee. Gitaa hakuwa nalo. Alichukua kreti tupu la soda, akaligeuza, akalikalia akiwa na suti yake ya harusi, akaanza kulipiga kwa viganja. Chaka, chaka, chaka. Ileile ya kwenye kaseti. Hakuniangalia mimi, alikuwa anaangalia miguu ya dada yake. Mindi akaisikia, akashusha mguu. Hatua mbili, akatua. Vigelegele vikapanda. Nami nikaachana na gumba, nikapanda juu ya ile chaka chaka ya kreti, nikapiga solo ambayo sijaipiga tena maishani mwangu.

Watu walinipongeza mimi. Mzee mmoja wa Ipililo alinishika mkono akasema nimewachezesha. Nikapokea. Nkwabi alikuwa pembeni anajifuta vumbi suruali, na mimi nikapokea pongezi zote bila kumtaja.

Wiki mbili baadaye nilienda nyumbani kwa bwana mifugo kumrudishia kaseti yake. Nikamsimulia kwa kujikweza kidogo jinsi ninavyojaribu kupiga sehemu zote mbili kama yule fundi wake. Akaniuliza, "Fundi yupi?" Nikamwambia huyu wa kwenye kaseti. Hakunicheka. Redio yake ilikuwa kubwa, ina spika mbili, moja huku moja kule. Akaiweka kaseti, akaniambia niketi karibu kabisa na spika ya kushoto. Nikasikia solo. Akaniambia nihamie ya kulia. Mwanangu, nilisikia chaka chaka. Za watu wawili, mmoja akipumua mwenzake anashika.

"Ni watatu hao," akasema. "Yule mmoja anaruka kwa sababu anajua kuna wawili hawatamwacha aanguke. Wewe uliniambia unaye mwenzako. Yuko wapi?"

Akazima redio, akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa: "Kijana, kaseti nilikupa uisikilize. Wewe umejisikiliza mwenyewe." Maneno hayo niliyachukia njia nzima ya kurudi. Sasa namwombea huyo mzee kila Jumapili.

Keshoyake nilienda Sola. Nkwabi alikuwa anachuma pamba, mfuko umening'inia shingoni. Nikamwamkia, "Mwadila," akaitikia, "Mwadila," akaendelea kuchuma. Nikaingia mstari wa pili nikachuma naye. Tulipofika katikati ya shamba nikamwambia, "Ulisema kweli. Si mtu mmoja."

"Nilikuambia ni wawili."

"Ni watatu."

Akacheka kidogo. Halafu akasema jambo ambalo sijalisahau. "Masanja, mimi sikutaka kusifiwa. Nilitaka kumpigia dada yangu gitaa. Nimempigia kreti. Na Mindi hataolewa mara ya pili."

Nilimwomba radhi pale shambani, na nililia. Nikamwambia wabeja, kwa Kisukuma cha kwetu, kwa sababu asante ya Kiswahili niliiona nyepesi. Nilimshukuru kwa ajili ya kreti, na kwa Jumamosi zote ambazo sikuwahi kumshukuru. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia nimalize kwanza mstari wangu, magitaa tutayaona jioni. Na kweli tuliyaona. Tumepiga pamoja tangu hapo hadi nywele zetu kuwa nyeupe, na kwenye kila harusi, kabla wimbo haujaanza, nilisimama nikamtaja jina lake mbele ya watu. Mwanzoni aliona aibu. Siku hizi nikisahau ananikanyaga mguu.

Jumapili ile mlipoondoka nilimpigia simu. Nikamwambia vijana wangu wamepata Mjipsi mwingine, balaa tupu. Nikamsogezea simu yangu ya pili, ile mliyoniwekea video, aisikie sauti. Alikaa kimya wimbo mzima, vilevile kama pale karakanani zamani. Wimbo ulipokwisha hakuuliza jina la yule bwana mnene wala anatoka nchi gani. Aliuliza, "Wale wa nyuma, wanaendeleaje? Wanaonekana wazima?"

Kwa hiyo, mwanangu, neno langu ni hili. Mpende fundi. Mrudie mara mia, ushangae, ulie ukitaka, kwa sababu Mungu akimpa mtu vidole vile amewapa na wengine cha kufurahia. Usione huzuni kwamba hutamfikia. Mimi sikumfikia, na nimeishi vizuri. Lakini unapomsifu, tafuta aliyekaa nyuma yake, na ukishamwona wa kwenye simu, geuka umtazame wa kwako. Yule binti mwenzenu, Kabula, amewapigia ridhimu tangu mwaka jana, na sijasikia hata mmoja wenu akimtaja. Mazoezi mawili ya wiki hii hakuja. Jumapili nilipouliza habari za wale wawili, yeye peke yake aliinamisha uso. Wewe ndiye unayepiga solo, kwa hiyo kwenda kwao ni kazi yako. Nenda leo. Usimwambie amwachie mwingine nafasi ili apumzike, ujanja huo naujua, niliutumia kabla hujazaliwa. Mwambie asante, utaje na siku gani alikushika ulipopotea, maana najua unazikumbuka.

Mimi niliwahi kusamehewa katikati ya shamba la pamba, na furaha yote niliyoipata kwenye nyuzi baada ya hapo ni ya siku ile. Si kila mtu anapata shamba la kusamehewa.

Mungu akupe vidole vyepesi, mwanangu, na masikio ya kusikia spika zote mbili. Akupe wa kukaa nyuma yako usianguke, na siku moja akukalishe wewe nyuma ya mwingine, uone jinsi kulivyo kutamu huko. Ukifika kwa kina Kabula, msalimie mama yake kwanza, halafu mwambie binti kwamba mzee Nkwabi wa Sola anauliza kama anaendelea vizuri.