Fundi Asiyebaki na Ufunguo

Moyo hunidunda hadi leo nikiikumbuka siku ile, mwanangu, na mvi zote hizi! Weka simu chini kidogo. Umeniambia shule imekupa kazi ya kuitengenezea mfumo wa kompyuta, na uso wako unang'aa kama mtu aliyeposwa. Hongera sana. Lakini kabla hujaanza, nisikilize.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, serikali imelegeza kamba. Biashara zimefunguliwa, Arusha inachemka, kila kona bango jipya. Zahanati za watu binafsi nazo zikaruhusiwa, na Daktari Elinami, mama mmoja wa Kimeru, akafungua yake kule Lemara. Mimi ndiyo kwanza nimerudi kutoka Dar es Salaam na cheti changu cha kompyuta, najiona nimefika. Akaniita niyaingize mafaili ya wagonjwa wote kwenye mashine. Kompyuta mbili tu, moja kwa daktari na moja mapokezi, lakini nilivyozipenda! Nilikuwa nazifuta vumbi kwa khanga yangu.

Nilipomaliza nikamwita aone.

"Faili la mgonjwa anafungua nani?" akauliza.

"Yeyote wa hapa, daktari. Neno la siri ni moja, wote wanalikumbuka."

Akacheka mpaka miwani ikamteleza, akaniita jina. "Aika! Kwenu mgeni akibisha hodi mnampeleka moja kwa moja chumbani kwa mama yako?"

Basi tukakaa tukapanga upya. Wa mapokezi aone jina na siku ya miadi, basi. Muuguzi aone dawa. Ugonjwa wenyewe auone daktari. Kila mtu na neno lake, na mashine iandike nani kafungua nini. Nikamwambia umeme ukikatika ukarudi, faili linajifungua lenyewe pale lilipoachwa, nikidhani atanisifu. Akatikisa kichwa. "Hapana. Iamke imefungwa. Anayetaka kuingia aombe tena."

Kisha akaniangalia. "Na wewe unaingiaje?"

"Mimi ndiye fundi, daktari. Nimejiwekea njia yangu."

"Fundi aliyenijengea nyumba alinikabidhi funguo zote," akasema. "Angebaki na mmoja, mimi ningepataje usingizi?"

Loo, nilinuna! Nilijiona nimeitwa mwizi mchana kweupe. Lakini aliyetoa kazi ndiye mwenye neno, nikaiziba ile njia na kumkabidhi kila kitu. Nikabaki pale wiki chache, kumfundisha dada wa mapokezi.

Sasa sikia. Asubuhi moja niko peke yangu mapokezi, akaingia Baba Mkubwa Ndesario, kaka yake baba yangu, na koti lake la kanisani. Nikaruka kumwamkia, shikamoo baba, marahaba mwanangu. Akainama karibu na sikio langu. Mwanawe Godlisten alitaka kuoa, na unajua kwetu wazee lazima wachunguze kwanza ukoo wa binti, tabia yake na afya yake. Binti mwenyewe ni Nembris wa kule kijijini Maji ya Chai, na Baba Mkubwa alisikia kwamba anatibiwa pale.

"Fungua nione anaumwa nini," akasema. "Ni mambo ya ukoo tu."

Mwanangu, hapo nilibanwa. Nimelelewa kwenye asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na huyu ndiye mkuu aliyenilipia shule. Neno moja tu kutoka kwenye ile mashine, na jina la binti wa watu lingezunguka vijijini kabla jua halijazama, posa ikavunjika, yeye akabaki wa kunyooshewa vidole. Na miaka ile unajua watu walivyoogopa magonjwa! Hata mafua yangegeuzwa kuwa jambo lingine.

Nikamgeuzia kioo cha kompyuta. "Baba, tazama mwenyewe. Mimi naona jina na siku ya miadi. Zaidi ya hapo mashine inakataa."

"Si umeitengeneza wewe?"

"Ndiyo, baba. Na hata mimi inanikataa."

Alinitazama kwa hasira, akaondoka bila kuaga. Lakini mwanangu, kifuani kulikuwa na ngoma ya furaha! Sikumvunjia mzee heshima, wala sikusema uongo. Ile njia yangu ingekuwepo, siku ile ningemfungulia, wallahi ningemfungulia. Mlango nilioununia ndio ulionikinga.

Jumapili nikachuma jani la isale, nikalifunga fundo, nikaenda kwake. Kwetu Wachaga, mtu akikuletea isale kuomba radhi humkatai, hata ukiwa umechukia vipi. Akalipokea, akaguna, tukanywa chai. Nembris akaolewa na Godlisten, na wajukuu wao unawajua. Kilichokuwamo ndani ya faili lile mimi sikijui mpaka leo, na sitaki kukijua.

Miaka ikapita. Siku moja nikamkuta Baba Mkubwa kwenye benchi la zahanati ile ile, amekonda, kofia imeshushwa usoni. Akanivuta mkono.

"Aika, ile mashine yako bado kaidi?"

"Bado, baba."

Akashusha pumzi. "Afadhali," akasema. "Afadhali, mwanangu."

Ndiyo maana nakwambia: siri ya mtungi aijuaye kata, basi usiwape kata watu wote. Kila mtu mpe kinachomtosha kwa kazi yake, hata mkuu wa shule, hata shangazi yako anayetaka kuchungulia alama za mtoto wa jirani. Mlango wako ukae umefungwa mpaka mtu aombe, na usiutegemee peke yake; mashine iandike pia kila anayeingia, maana kikulacho ki nguoni mwako. Mfumo uwe rahisi, usijenge vichochoro vingi hadi wewe mwenyewe upotee. Na siku ya kukabidhi, kabidhi kweli. Watakuja watu unaowapenda kukuomba, na siku hiyo utashukuru kwamba huwezi.

Haya, nenda kajenge, nami nina hamu kweli ya kuiona kazi yako! Mungu wa babu zako aibariki mikono yako, na watoto wa watu walio ndani ya mashine yako walale salama.