Ripoti Yangu Imefunika Ndoo

Kosa ni langu, msimtafute mwengine. Kisomo kilinipanda kichwani kikanitokea puani!

Mimi ni mtafiti wa maji. Nilipima kisima cha mtaani kwetu, Mji wa Kale, nikakuta kimeingiwa na maji ya vyoo. Kisima hicho ndicho anachotekea mamangu mdogo, aliyenilea baada ya mamangu kufariki.

Si ningesema tu? Wapi! Niliitisha mkutano baada ya alasiri, nikavaa tai katika joto lile, nikaonyesha michoro saa nzima. Ati "viashiria vya uchafuzi vimevuka kiwango kinachokubalika." Afisa mkubwa wa afya alikuwa ameketi mbele, na kusema kweli nilikuwa nazungumza naye yeye tu, anione nimesoma.

Mzee mmoja wa Kihindi, mwenye duka la viungo, akanyanyua mkono. "Kijana, maji yanyweka ama hayanyweki?"

Nilimcheka, wallahi! Nikamwambia, "Mzee, sayansi haijibu hivyo. Utafiti zaidi wahitajika." Akaketi, maskini, na haya zimemjaa.

Afisa alikula halwa yetu akaondoka na ripoti kwapani. Nilipompigia simu baadaye, akasema angoja huo utafiti zaidi. Maneno yangu mwenyewe!

Wiki ya tatu mama mdogo akalazwa, homa ya matumbo. Nilikwenda kwake kumchukulia nguo. Jikoni nikaona ndoo ya maji ya kisima, imefunikwa kwa ripoti yangu, ile nakala niliyomtilia sahihi kwa mbwembwe. Jalada gumu, halipitishi hata nzi! Nikakaa sakafuni nikalia.

Hospitalini nikamuuliza, "Mama, si ulikuwepo mkutanoni?"

"Nilikuwepo, mwanangu. Nikakupigia na makofi, ulisema vizuri mno." Akajivutia shuka. "Lakini hukutwambia tusinywe."

Ya Rabi, nilitamani ardhi inimeze!

Kapona, alhamdulillahi, lakini ngazi za nyumba yake hazimudu tena. Yuko chumba cha chini, na kila nikimletea maji hunishukuru. Shukrani hiyo yanichoma kuliko matusi.

Siku hizi kisimani pana ubao nilioandika kwa mkono wangu: MAJI HAYA MSINYWE. Yule mzee aliusoma, akanigeukia. "Hili ndilo nililokuuliza."

Basi nyinyi wenye vyeti, mtu akiwauliza yanyweka ama hayanyweki, mjibuni kwanza. Tai mtavaa baadaye.