Lori la Baba na Siku Kumi na Nne

Lori la baba lilikaa mbele ya nyumba yetu miaka tisa bila kusogea. Tunakaa pembeni kidogo ya mji wa Mpanda, kwenye barabara ya vumbi inayotoka upande wa stesheni, na mgeni akituuliza njia tulimwambia aje mpaka aone lori la bluu, basi amefika. Waendesha bodaboda walipanga pikipiki zao kwenye kivuli chake. Kuku wa mama walitagia kwenye kiti cha dereva.

Lilipokuwa zima, lilibeba mpunga na mahindi ya wakulima wa Kasekese, likateremka hadi Ikola ziwani kuchukua magunia ya dagaa, likayaleta stesheni. Baba ndiye alikuwa mwenye gari, ndiye dereva, na mara nyingi ndiye fundi. Injini ilipokufa alilisogeza pembeni akasema ni la wiki mbili tu, spea inakuja. Spea haikuja. Tairi zikaisha upepo, zikapasuka, zikatolewa moja moja, mwishowe lori likasimama juu ya mawe manne. Hata hivyo kila Jumamosi asubuhi baba alichukua ndoo na kitambaa akafuta kioo cha mbele, na mama, akifagia uwanja, alimwambia, "Baba nanii, hicho chuma kinatuzibia upepo." Baba alijibu, "Kinatuzuilia vumbi." Mimi nafundisha shule ya msingi hapa mjini na bado nakaa nao, kwa hiyo mazungumzo hayo niliyasikia mpaka nikayazoea kama kengele ya kanisani.

Siku moja mtendaji wa mtaa alikuja na kijana mwenye kopo la rangi. Alimsalimia baba kwa heshima, akaomba radhi, akabandika karatasi kwenye kioo kile kile kilichofutwa juzi yake. Kijana akachora alama nyekundu mlangoni. Baba hakuwa na miwani, akaniambia nisome. Nikasoma: gari lililotelekezwa ndani ya hifadhi ya barabara, liondolewe ndani ya siku kumi na nne, la sivyo manispaa italivuta na kulipiga mnada.

"Rudia hapo mwanzo," baba akasema.

"Gari lililotelekezwa."

"Nani kalitelekeza?" Alimgeukia mtendaji. "Mtu anatelekeza mke. Anatelekeza watoto. Mimi nipo nalo hapa, nalala nalisikia, naamka naliona. Nimelitelekeza saa ngapi?"

Mtendaji alikuna kichwa. "Mzee wangu, mimi nimepewa karatasi tu. Nenda ofisini ukawaeleze."

Kesho yake baba alivaa shati lake la Jumapili tukaenda manispaa. Tulipokelewa na dada mmoja wa rika langu, ofisa wa barabara. Alisimama, akamwambia baba shikamoo, akampa kiti. Baba alizungumza muda mrefu. Alimweleza kuhusu Kasekese na Ikola, kuhusu masika aliyolala siku tatu njiani na mzigo wa watu bila hata gunia moja kulowa. Yule dada hakumkatiza. Baba alipomaliza, alifungua jalada la sheria ndogo akamsomea taratibu: gari lisilotembea, lisilo na namba, likikaa ndani ya hifadhi ya barabara, mwenyewe anapewa notisi, asipoliondoa, linaondolewa.

"Umesikia, baba? Hapa hawajauliza kama unalijali. Wameuliza liko wapi tu. Pale lilipo tunatakiwa kuchimba mtaro kabla ya mvua. Maji yanaingia kwenye nyumba za wenzako kule chini."

"Na likiwa kwangu?"

"Likiwa ndani ya kiwanja chako, hatuna neno nalo. Kaa nalo mpaka uchoke."

Kurudi nyumbani tulitembea kwa miguu. Kiwanja chetu ni kidogo. Nyuma ya ua wa miti kuna bustani ya mama ya mchicha na matembele, na hakuna sehemu nyingine. Tulipofika karibu na nyumba alisimama akalitazama lori kama mtu anayemtazama mgonjwa wa siku nyingi, akasema, "Waache walichukue. Nimechoka kubishana."

Nilijua mama atafurahi. Tulimkuta barazani anapepeta mchele. Baba akamwambia. Mama aliweka ungo chini.

"Wakalipeleke wapi?"

"Mnadani. Watu wa vyuma chakavu watalinunua, walikatekate."

"Nani kakubali?"

"Si wewe unayelalamika miaka yote hii?"

"Kulalamika ni kulalamika," mama akasema. Kisha akanigeukia mimi, kana kwamba ni mimi niliyetaka kuliuza. "Wewe unajua mimi nilimpatia wapi baba yako? Nilikuwa mchuuzi wa dagaa pale Ikola. Tulikuwa tunapanda nyuma, juu ya magunia, wanawake watano sita. Siku hiyo mvua ikatukamata. Huyu akasimamisha gari, akashuka, akapita wenzangu wote, akaniambia mimi nikae mbele. Akanipa koti lake. Halafu hakunisemesha mpaka tunaingia Mpanda. Njia nzima! Nikasema huyu mwanaume ni bubu au ana wazimu?"

"Nilikuwa naogopa," baba akasema chinichini.

"Uliogopa nini?"

"Wenzako walikuwa wanagonga bati huko nyuma, wananitukana."

Mama alicheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya kanga. Kumbe wale wenzake walilowa wote, na mmoja wao hakumsemesha tena mwaka mzima. Mimi nilikuwa sijawahi kuisikia habari hiyo. Mama akainuka, akaingia bustanini, akaanza kung'oa mchicha, mkubwa na mdogo, akiutupa kwenye beseni. "Tafuteni trekta," akasema bila kugeuka.

Trekta lilitoka kwa mjomba wangu anayelima Litapunga. Fundi wa jirani alituazima magurudumu manne, hata hayakulingana. Siku ya kumi na moja tulibomoa ua, tukafunga mnyororo, na mtaa mzima ukatoka. Waendesha bodaboda walisukuma nyuma. Baba aliingia kushika usukani, kuku wakatoka kwa makelele, na lori likalia kila mahali, likaacha mawe yake, likaanza kwenda. Watu walipiga vigelegele kama harusini. Baba aliweka mkono nje ya dirisha, akaonyesha kwamba anakata kulia.

Lilipogota ukutani mwa jiko, mkia ulikuwa bado nje ya ua.

Yule dada wa manispaa alikuja mchana na futi kamba. Akapima mara mbili. "Linatokeza karibu mita moja, baba."

"Mita moja tu, mwanangu."

"Mtaro unapita hapo hapo kwenye hiyo mita." Alisema kwa upole, lakini hakuikunja kamba yake. Nadhani alikuwa na baba wa namna hiyo kwao.

Baba alikwenda kwa fundi akarudi na mashine ya kukatia chuma. Fundi alitaka kufanya mwenyewe, baba akakataa. Alipiga magoti nyuma ya lori lake, akalikata bodi kwa mkono wake, cheche zikimrukia kifuani, na mama alisimama karibu amemshika bega muda wote. Kipande kilipoanguka, baba alikaa chini kidogo. Yule dada alipima tena, akasaini karatasi, akaaga. Mama akamwambia hakuna mtu anayefanya kazi kwake halafu akaondoka na njaa. Tulikula wali na mchicha, mchicha mwingi mno, kwenye sinia moja, na yule dada akaniuliza kama habari ya koti ni ya kweli, maana alikuwa ameisikia kwa waendesha bodaboda.

Mtaro ulichimbwa. Baada ya hapo mtendaji akaanza kupata shida kwenye nyumba nyingine, maana magari mabovu ni mengi na wenyewe walikuwa wakali. Akaja kumwomba baba amsindikize. Baba alikubali, ila alimwambia karatasi ikae mfukoni kwanza. Siku moja nilikwenda nao kwa mama mmoja mjane aliyekuwa na pikapu ya marehemu mumewe, imeota nyasi hadi kwenye madirisha. Baba hakutaja sheria. Alikaa, akapokea chai, akauliza, "Hii ilikuwa inakwenda njia gani?"

Yule mama alisimulia mpaka chai yetu ikapoa. Mtendaji alikuwa akitazama saa, baba akamgusa goti atulie. Mwishowe mama yule akaitazama pikapu, akasema mwenyewe, "Haya, waje Jumatatu. Ila mniachie siku hizi mbili nitoe vitu vyake."

Baba akamwambia tutakuja kumsaidia.