Tuyo ya Chini ya Reli

Mama Laurentine Mbelu haogopake mutu, Musonoi yote inajua. Siku polisi moja alitaka kumunyanganya beseni yake ya mafuta ya ngazi, ile ya mawese, mu soko, ule polisi njo alirudia na shati ya mafuta. Lakini kitu kimoja aliogopa, na hakukisemaka: ile tuyo ya beto, bomba kubwa ya maji, inapita chini ya reli, kwenye mama yake alibafichaka mu vita ya 78, yeye na bandugu yake.

Sasa Tharcisse, kijana mwenye kutembeza bageni pa nafasi kwenye vita ilipita, alikuja kumuomba aende kubaelezea ile hadisi.

"Hautaingia mu tuyo, mama. Utasimama tu inje."

"Nikitaka kuingia, nitaingia," alimujibu.

Akapanda mu bisi na Glodie, mujukuu yake wa myaka saba, mwenye kumuita Kambo. Bageni bakaweka kwanza maua pa jiwe ya kukumbuka bafu ya vita, kiisha bakafika ku reli. Mama Laurentine akasimama, mugongo ku tuyo, juu hakutaka kuiangalia.

"Batu ya bunduki balijua majina yetu," alisema. "Baliita polepole, sawa vile mama anaita mutoto akuye kukula. Mama yetu akatuambia: humu ndani hakuna mwenye kuwa na jina. Bakikuita, hauitike. Rudia nyuma zaidi."

Tharcisse alikuwa anageuza ile maneno mu kifaransa. Mama Laurentine akatafuta mukono ya Glodie, akakosa. Kandambili moja ya mutoto ilikuwa pa mulango ya tuyo.

"Glodie."

Akaokota kandambili.

"Glodie, toka!"

Mutoto hakutoka. Huu mwaka bakreseri, bale bachimbaji ya kobalti, balichimba mpaka mu tuyo, bakaacha shimo na mbao tu juu yake. Tharcisse akainama kuingia, matope ilijaa nusu ya tuyo, mabega ikakwama. Bageni nabo bakaanza kuita, kila mutu na kinywa yake: "Glodi, Glodi."

Hapo njo Mama Laurentine alielewa. Mutoto alisikia hadisi yake, na alikuwa anaitii. Kila mara banamuita, anarudia nyuma, karibu na shimo.

"Munyamaze," alisema. "Bote."

Akapiga magoti. Akafunga kitenge nguvu, akaingiza kichwa. Arufu ilikuwa ileile. Alijua akisimama kidogo tu, hataendelea tena. Akatambaa. Hakuita. Mukono yake ikagusa ubao, ubao ikalia, udongo ikaanguka chini, na hakusikia kwenye inafikia. Akanyoosha mukono ingine juu ya ile shimo, polepole, akakuta pa mbao muguu mudogo, ya baridi.

Mutoto hakupiga kelele.

"Kambo," alinongona, "batu ya bunduki balishaenda?"

"Balishaenda."

Akamuvuta.

Inje, mugeni moja alianza kupiga makofi, Tharcisse akamushika mukono. Mama Laurentine alibaki chini na mutoto, matope mpaka ku kichwa.

"Tharcisse, pandisha batu yako mu bisi. Na baangalie kule, si huku."

"Mama, nikusaidie kusimama?"

"Nilikuomba?"

Balienda. Akajaribu kuamuka, akakaa tena chini.

"Kambo, unatetemeka."

"Ni baridi," alisema. Jua ilikuwa inachoma mpaka chuma ya reli ilinuka.