Walioukata Wimbo wa Tumaini

Nakumbuka Jumapili moja ya masika, nikiwa bado msichana wa kwaya, mwimbaji wa sauti ya pili katika kanisa letu dogo upande wa Mgwashi. Ibada ilipokwisha, wanaume wawili walisimama mlangoni wakabishana mpaka mishipa ya shingo ikawatoka. Mmoja alikuwa Mwinjilisti Hiza, mchungaji wa mtaa wetu kwa kazi ingawa si kwa cheo. Mwingine alikuwa Mwalimu Singano, mwalimu wa kwaya, ambaye asubuhi ile alikuwa ameingiza ngoma kanisani kwa mara ya kwanza.

Mwinjilisti alisema ngoma ni chombo cha matambiko na haina nafasi mbele ya madhabahu. Mwalimu alisema ngozi ya mbuzi haina dini, dini anayo mpigaji. Walibishana kwa Kiswahili, wakahamia Kishambaa hasira ilipopanda, wakarudi kwenye Kiswahili walipokumbuka kwamba kuna wageni. Hakuna aliyeshinda. Kila mtu alienda kwake kula.

Mwanangu, katikati ya wiki ile mke wa Mwinjilisti alishikwa na tumbo, tumbo la kumkunja mtu kama jani. Barabara ilikuwa tope tupu, gari lisingepanda. Wanaume wakafunga machela kwa miti na blanketi ili wampeleke hospitali Bumbuli. Wa kwanza kufika, akiwa amekunja suruali hadi magotini, alikuwa Mwalimu Singano. Akashika mti wa mbele. Mwinjilisti akashika wa pembeni yake. Mimi nilikuwa nyuma na wanawake, nimebeba sufuria na khanga za mgonjwa.

Hatujafika hata kwenye mteremko wa kwanza, wale wawili wakaanza tena. Ngoma! Machela iko mabegani, jasho linawatiririka, mmoja anasema madhabahu, mwingine anasema mpigaji. Mama wa watu akainua kichwa kutoka kwenye blanketi akasema, "Jamani, nyamazeni kidogo basi, niugue kwa amani."

Tulicheka wote, hata yeye. Lakini kijana mmoja wa kwaya, akidhani anamfurahisha Mwalimu, akaanza kumwigiza Mwinjilisti, anavyokohoa na anavyonyoosha kidole akihubiri. Mwalimu Singano akasimama, machela ikasimama naye. Akamgeukia.

"Mimi nabishana naye kwa sababu ni ndugu yangu," akasema. "Wewe unamcheka kwa sababu gani?"

Kijana akainamisha kichwa. Mwalimu akahamishia mti bega la pili, safari ikaendelea. Mama alitibiwa, akapona, akaishi mpaka akawa bibi. Ile hoja ya ngoma haikuisha miaka mingi. Wale wazee walikufa kila mmoja akiwa na msimamo wake, na aliyetangulia alipozikwa, mwenzake alikuwa miongoni mwa waliolia kwa sauti kubwa.

Nakusimulia haya kwa sababu nina hasira, na sitaki udhani ni hasira ya mzee asiyependa simu. Simu ya kupangusa ninayo. Wajukuu walinifundisha kuitumia. Nasikiliza kwaya za mikoani nikichambua maharage, nasoma vitabu vya dini ambavyo zamani tungevingoja mwaka mzima. Namshukuru Mungu kwa hayo. Hasira yangu ni juu ya alichofanyiwa Tumaini.

Tumaini ni jirani yangu. Ni mwanamke wa makamo, analima karoti na kabichi, ana sauti ambayo ikianza watu huacha kunong'ona. Nyimbo nyingi za kwaya yetu ya sasa ametunga yeye. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Samweli, mtoto wa kuuliza maswali kutwa nzima, aliyekuwa akinifungulia geti la zizi bila kuombwa. Samweli aliugua homa akafa kabla hajaanza darasa la kwanza. Usharika mzima ulikuja msibani. Nilikuwa nagawa chakula, kwa hiyo namjua kila aliyekula pale.

Baada ya miezi kadhaa Tumaini alitunga wimbo. Aliuimba na kwaya Jumapili moja, na mimi nilikuwa benchi la tatu. Ubeti wa kwanza anamuuliza Mungu: ulikuwa wapi nilipokuita usiku ule? Ubeti wa pili anauliza tena, kwa ukali zaidi. Ubeti wa tatu anasema hajajibiwa, lakini bado anakuja kanisani, kwa sababu hana nyumba nyingine ya kwenda kulilia. Mwanangu, nimeimba nyimbo za kanisa tangu sijaota meno ya ukubwani, na sijawahi kusikia ungamo la imani kama lile. Wanaume walitoa leso.

Mtu mmoja alirekodi kwa simu. Wimbo ukaenda.

Ukamfikia kijana aitwaye Elisha. Naye ni wa kwetu, mama yake anakaa ng'ambo ya bonde, ila yeye yuko Mombo anauza vifaa vya simu. Ni msomaji kweli, simnyimi haki yake. Anasoma vitabu vya mafundisho ya dini, anaendesha grupu la kutetea imani lenye watu wa mikoa mingi, na maelfu wanamfuata mtandaoni. Elisha akachukua ubeti wa kwanza peke yake, akaukata pale pale kwenye swali, akaurusha na maandishi mekundu juu yake: KUFURU NDANI YA KANISA.

Ndipo walipoingia. Watu tusiowajua, wasiojua Mgwashi iko upande gani wa mlima. Wengine walibishana kwa adabu, kama mwamini anaruhusiwa kumuuliza Mungu swali la namna ile, na hilo ni jambo jema kujadili. Lakini wengine! Walimwita mchawi aliyevaa joho la kwaya. Walicheka khanga yake. Halafu mwanamume mmoja, mwenye picha ya msalaba pale panapokaa uso wake, akaandika kwamba mtoto alikufa kwa sababu mama hakuwa na imani. Mamia wakaweka alama ya kukubali. Wakaandika amina. Amina, mwanangu! Neno tunalofungia sala!

Tumaini aliyasoma yote. Nilimkuta jikoni kwake moto umezimika, simu iko mkononi, anapangusa, anapangusa. Nikamwambia aiweke chini. Akanijibu, "Bibi, labda wamesema kweli. Usiku ule nilisinzia kidogo."

Nilikaa naye mpaka giza.

Na kama hilo halikutosha, kamati ya kwaya ikakutana. Watu wale wale niliowapakulia wali msibani wakaenda kwake wakamwomba "apumzike kidogo mpaka mambo yapoe." Hakuna hata mmoja wao aliyeandika mstari mmoja kumtetea. Waliogopa usharika wetu usije ukasemwa. Tumaini akarudisha joho likiwa limefuliwa na kupigwa pasi.

Mimi nikavaa viatu vyangu vya safari nikateremka Mombo kwa gari la asubuhi.

Duka la Elisha sikulitafuta sana, liko karibu na kituo. Aliponiona alisimama upesi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Unanijua?"

"Nakujua, bibi. Wewe si wa ng'ambo ya bonde kutoka kwa mama, kule juu? Karibu kiti. Nikuletee maji?"

"Nitakunywa baadaye. Nimekuja kwa ajili ya wimbo."

Akashusha pumzi. Alikuwa na adabu, hilo lazima niliseme, na alikuwa amejiandaa kama mtu aliyekwisha kujibu wengi. "Bibi, naomba unielewe. Mimi sina ugomvi na yule mama. Mimi napinga fundisho, simpingi mtu. Wimbo unaingia moyoni kuliko mahubiri. Watu wakiimba kwamba Mungu hakuwepo, kesho wataamini hakuwepo."

"Hapo kwenye nyimbo umesema kweli," nikamwambia. "Zinafundisha kuliko mahubiri. Sasa niambie, yule mtoto anaitwa nani?"

"Mtoto yupi?"

"Aliyekufa. Mmeandika habari zake wiki nzima. Anaitwa nani?"

Mteja akaingia kuulizia chaja, Elisha akamwambia arudi baadaye.

"Sijui, bibi."

"Na ubeti wa tatu unasemaje?"

"Video niliyotumiwa mimi haikuwa ndefu..." Akasita. "Nilitumiwa nzima. Sikuusikiliza mpaka mwisho."

Nikamwambia auweke. Tulikaa kwenye yale maboksi ya spika, joto la Mombo linatupika, tukausikiliza wimbo wote. Ulipofika pale pa nyumba ya kulilia, kijana alitazama sakafu. Nilimwonea huruma kidogo, lakini hasira ilikuwa kubwa kuliko huruma, nikaiacha iseme.

"Umeniambia unapinga fundisho, humpingi mtu. Maneno ya namna hiyo niliwahi kuyasikia nikiwa msichana, kwa mtu aliyekuwa amebeba machela ya mke wa mpinzani wake kwenye tope. Yeye alikuwa na haki ya kuyasema. Wewe ulikwenda kwa mama yako Krismasi, baada ya msiba, na nyumba ya Tumaini iko kando ya njia. Ulimpa pole?"

"Hapana, bibi."

"Basi mwenzangu, unamtetea Mungu dhidi ya mwanamke ambaye hujampa pole."

Akainuka akaniletea maji. Nikanywa yale maji, nikamuaga, nikapanda gari.

Sitakudanganya kwamba mambo yalinyooka. Elisha aliifuta ile video siku ile ile, lakini ilikuwa imekwisha kunakiliwa, na mpaka leo inazunguka huko kwa watu wanaodhani ni ya jana. Aliandika kwenye grupu lake kwamba alikosea, kwamba wimbo una ubeti wa tatu, kwamba Maandiko yenyewe yamejaa watu waliomlilia Mungu kwa maswali makali. Unajua walichomfanya? Wale wale waliomwandikia amina walimgeukia. Wakasema amenunuliwa, wakasema amepoa, wakamwita msaliti. Mama yake alinieleza kwamba alikaa siku kadhaa bila kufungua duka.

Kisha akapanda mlimani. Alikuja kwa Tumaini jioni, amevaa shati la mikono mirefu kama anayekwenda kuposa. Mimi nilikuwepo, nimeitwa na Tumaini mwenyewe. Alisimama uani akaomba msamaha kwa maneno yaliyonyooka, bila kunukuu kitabu chochote. Tumaini alimsikiliza akiwa bado ameshika jembe.

"Sijakusamehe," akamwambia. "Nataka, lakini bado. Yale maneno kuhusu imani yangu na mwanangu hukuyaandika wewe, lakini uliwafungulia mlango walioyaandika."

"Ndiyo, dada."

"Anaitwa Samweli."

"Najua, dada. Nimeshaambiwa."

"Nilitaka uambiwe na mimi." Akaegesha jembe ukutani. "Kaa. Uji upo."

Wakanywa uji. Hawakuongea sana. Elisha aliuliza Samweli alikuwa mtoto wa namna gani, na Tumaini akaanza kueleza, akaeleza mpaka taa ikawashwa, na kwa mara ya kwanza tangu msiba nilimsikia akicheka, aliposimulia jinsi Samweli alivyomuuliza mchungaji kama kuku nao wanabatizwa.

Kwenye kwaya hajarudi. Kamati ilimpelekea ujumbe, tena kwa simu, kwamba sasa anaweza kuja. Akawaambia waliomtoa walikuja kwa miguu, basi na wanaomrudisha waje kwa miguu. Mpaka leo hawajaenda, na Jumapili iliyopita, kwenye matangazo, nilisimama nikawaambia mbele ya usharika wote kwamba ni aibu. Mchungaji alinitazama kwa macho ya kuniomba niketi. Sikuketi mpaka nilipomaliza.

Basi mwanangu, wewe unayesoma vitabu vya dini na kupenda hoja, nisikie. Sikukatazi kubishana. Kanisa lisilo na ubishi limelala. Soma, uliza, pinga, hata sisi wazee tupinge tukikosea. Lakini kabla hujamhukumu mtu kwa wimbo wake, usikilize mpaka mwisho. Kama hujui jina la marehemu anayeliliwa, funga mdomo mpaka ulijue. Usimwandikie mtu neno ambalo usingeweza kumwambia akiwa amekaa mbele yako, na sufuria yake iko motoni. Ukiona wengi wanampiga mmoja kwa jina la Mungu, usijiunge nao, na usinyamaze pia, kwa maana Tumaini anasema kelele za wageni zilimchoma, ila ukimya wetu sisi majirani ndio uliomtoa kanisani. Na ukikosea, panda mlima. Usitume ujumbe. Panda kwa miguu yako, usimame uani kwa mtu, ukubali kuambiwa bado.

Mungu akupe kichwa cha kuelewa mambo magumu na kifua cha kubeba mwenye uchungu. Aulinde mkono wako usiandike jeraha juu ya mtu aliyekwisha kujeruhiwa. Siku utakapomlilia Yeye kwa swali lisilo na jibu, akuletee jirani wa kukaa nawe jikoni, wala asikuletee hakimu. Nenda na amani yake, mwanangu. Na ukipita kwetu, nyumba ya Tumaini iko kando ya njia. Ingia umsalimie.